Namna ya Kuchora Meli kwa Rangi ya Maji kwa Kupaka Kilicho Nyuma Yake

Atakayeketi ufukweni Dunga, hapa Kisumu kando ya Ziwa Viktoria, asubuhi, kabla jua halijawa kali, ataona mashua za wavuvi zimepangana, mbavu zake zimepakwa nyeupe, manjano na buluu, na nyuma yake kuna ukuta wa mafunjo ya kijani kilichokolea hata kukaribia weusi. Mchoraji anayetaka kuiweka mashua nyeupe kwenye karatasi hukutana na ukweli mmoja: katika rangi zake za maji hakuna nyeupe inayoweza kushindana na weupe wa karatasi yenyewe. Rangi ya maji hung'aa kwa sababu mwanga hupenya tabaka lake jembamba, ukagonga karatasi na kurudi machoni. Ukifunika karatasi hiyo kwa rangi nyeupe nzito, mwanga hukatika na mashua huonekana kama imesiribwa chokaa. Kwa hiyo mashua yenyewe haipakwi. Yanayopakwa ni mafunjo, maji na vivuli, na mashua hubaki. Mbinu hii tuiite upakaji hasi.

Karatasi ndicho kifaa usichopaswa kukibania fedha. Chagua ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ikiwezekana ya pamba, kwa maana kazi hii huilowesha mara tatu au nne, na karatasi nyepesi ya daftari la kuchorea hukunjamana na kuchubuka brashi inapopita mara ya pili. Ibandike kwenye ubao kwa utepe wa karatasi pande zote nne. Brashi mbili za mviringo zatosha, moja nene inayobeba maji mengi bila kupoteza ncha, na nyingine nyembamba. Rangi ziwe zile zinazopitisha mwanga: altramarini (buluu iliyokolea), siena iliyochomwa (hudhurungi yenye wekundu) na manjano moja isiyo nzito zinatosha kwa michoro mingi ya ziwani. Altramarini na siena zikichanganywa hutoa kijivu cha kila namna, cha baridi buluu ikizidi na cha joto siena ikizidi. Rangi za kadmiamu, zipendeze vipi, ziache kando, kwa sababu hufunika tabaka lililo chini. Buluu ya thalo nayo huzama katika nyuzi za karatasi wala haitoki ukiisugua, basi itumie pale tu ambapo umekwisha kuamua.

Kabla ya kugusa maji, chora kijipicha kidogo kwa penseli, chenye toni tatu tu: nyeupe, kijivu na nyeusi. Kaza macho hadi yakaribie kufumba, vitu vidogo vitoweke, kisha uone ni wapi chombo ni cheupe kuliko kilicho nyuma yake na ni wapi ni cheusi zaidi. Upakaji hasi hufaa pale pa kwanza peke yake. Nimeona wanafunzi wengi wakipaka kuzunguka meli nzima kwa rangi moja, hata mahali ambapo ubavu wake ulikuwa kivulini na anga nyuma yake ilikuwa angavu, na meli ikaishia kuonekana kama kipande cha karatasi kilichokatwa kwa makasi.

Tabaka la kwanza ni jepesi na halina umbo. Lowesha karatasi yote kwa maji safi, isipokuwa ule ubavu unaopigwa na jua, kisha dondoshea manjano hafifu na buluu hafifu, ziachwe zikutane zenyewe. Usishawishike kupaka ziwa buluu ya kadi za posta, kwani maji ya Ghuba ya Winam, sehemu ya ziwa iliyo mbele ya Kisumu, yana hudhurungi na kijani ndani yake, na siena kidogo katika buluu itayaleta karibu zaidi na ukweli. Rangi ikikauka hupauka, basi iweke nzito kidogo kuliko unavyotaka. Ili kujua kama imekauka, gusa karatasi kwa mgongo wa mkono. Ikiwa baridi, bado ina maji.

Sasa chora mashua kwa mstari mwepesi juu ya tabaka hilo, kisha uanze kazi yenyewe. Chovya brashi katika kijani cheusi cha mafunjo, anzia omo, yaani mbele ya mashua, ukielekea tezi, yaani nyuma yake, ncha ya brashi ikiifuata mistari ya mashua kwa nje na tumbo lake likielekea upande wa mafunjo. Mara tu baada ya hapo, kwa brashi ya pili iliyo safi na yenye unyevu tu, gusa ukingo wa nje wa rangi hiyo na uuvute mbali na mashua hadi upotee. Kila mpako wa namna hii unakuwa na kingo mbili: ulio mkali upande wa mashua na uliolainika upande wa pili. Ukisahau kulainisha, mashua itazungukwa na pete nyeusi. Jua la mchana hapa Kisumu hukausha ukingo kabla hujafikisha brashi ya pili, kwa hiyo fanya kazi kipande kwa kipande, upana wa kiganja, au tafuta kivuli. Wala usirudi kutia maji mahali palipokauka nusu, kwani maji mapya huisukuma rangi na kuacha doa lenye ukingo wa mikunjo ambalo halifichiki.

Utamu wa mbinu hii uko kwenye mashua nyingi zinazopishana. Ukimaliza ile ya mbele na karatasi ikakauka, chora ya pili ndani ya lile eneo jeusi la nyuma, kisha upake kuzizunguka zote mbili kwa rangi nzito zaidi. Ya tatu ichorwe vivyo hivyo, ndani ya giza jipya. Yaani tunatoka mbele kwenda nyuma, na kila chombo kinachofuata hupata toni iliyokuwa mandharinyuma ya kile kilichotangulia. Lakini hapa pana mgongano. Mbali hupauka kwa ukungu, ilhali mbinu hii huifanya nyuma izidi weusi. Mashua zilizobanana mbele ya mafunjo haziathiriki, kwa kuwa umbali ni mdogo na mafunjo ni meusi kweli. Meli kubwa kama MV Uhuru, ile ya kubebea mabehewa ya reli iliyojengwa miaka ya 1960, ikiwa mbali ghubani haivumilii tabaka tatu. Ipe moja tu, kijivu cha buluu cha milima, kilichokoza kidogo nyuma ya sehemu inayong'aa na kulainishwa kwingineko.

Mlingoti hudai uangalifu wa pekee. Sehemu yake ya chini, iliyo mbele ya mafunjo au mlima, iache nyeupe kwa kupaka pande zake mbili. Inapofika angani, ipake kwa kijivu cheusi. Pale zinapobadilishana, usiweke alama yoyote, jicho litauunganisha mlingoti lenyewe. Reli za sitaha usizichore kwa mistari. Paka vijistatili vya giza vilivyo kati ya nguzo zake, kwa brashi nyembamba, na baadhi uvikatize ili zisionekane kama ua wa seng'enge. Majina ambayo wavuvi huandika ubavuni hupatikana hivyo hivyo, kwa kupaka nafasi iliyo kati ya herufi. Kamba nyembamba mno zinaweza kulindwa kwa gundi ya mpira ya kuzuia rangi, ambayo huondolewa karatasi ikikauka kabisa, ingawa mimi naona huacha kingo ngumu zisizofanana na za brashi. Mshumaa mweupe unafaa kwa mng'ao wa viwimbi, ila nta yake haitoki tena.

Taswira ya mashua majini ndiyo ya mwisho. Kitu cheupe kikijiakisi majini huonekana cheusi kidogo kuliko chenyewe, na kitu cheusi huonekana cheupe kidogo. Hivyo ubavu ulioachwa mweupe wa karatasi uwe na taswira yenye tabaka la kwanza tu, na uyapake maji ya pembeni yake kwa mipako ya ulalo, mifupi karibu na mashua na mirefu unapokuja mbele. Chini kabisa, pale ubao wa mashua unapokutana na maji, weka mstari mmoja mweusi wa altramarini na siena, uukate mahali pawili au patatu, na usiuguse tena hadi ukauke.