Ulinunua gari la umeme Marekani 2025? Hivi ndo unavyodai hela yako kwenye taksi (kodi ya mapato)

Kwanza tuelewane, ile krediti (punguzo la kodi) ya serikali kuu ya dola 7,500 kwa gari jipya la umeme na ile ya dola 4,000 kwa lililotumika zote zimeshakufa. Sheria aliyosaini Trump 4 Julai 2025 ilizifuta kwa gari lolote lililonunuliwa baada ya 30 Septemba 2025, kwa hiyo ukienda kwa dila (muuza magari) sasa hivi akakuambia kuna 7,500 muulize vizuri inatoka wapi, maana IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) haiko tena kwenye hiyo habari. Wanaohusika hapa ni walionunua kabla, pamoja na wale waliosaini mkataba na kutoa chochote, hata kianzio kidogo tu, kufikia hiyo 30 Septemba halafu gari likaja baadaye. Nyie bado mmo, ila mnadai kwenye taksi za mwaka ule mliokabidhiwa gari.

Anza kwa kutafuta ripoti ya mauzo ambayo dila alikupa siku unachukua gari. Ina namba ya VIN (namba ya utambulisho wa gari), jina lako na kiasi cha krediti. Dila alitakiwa aitume IRS kwa mtandao ndani ya siku 3 na IRS waipokee, na wewe ubaki na kopi. Kama huna mpigie dila leo leo akutumie, usingoje, bila hiyo ripoti kupokelewa IRS watakukatalia hata kama gari liko hapo nje unaliendesha kila siku.

Halafu angalia mapato. Gari jipya, yasizidi: dola 150,000 kama uko peke yako, 225,000 kama ni mkuu wa kaya, 300,000 kwa mke na mume wanaofaili pamoja. Gari lililotumika ni nusu ya hapo, yaani 75,000, 112,500 na 150,000, tena lazima liwe lilinunuliwa kwa dila (la kununua kwa jirani halihesabiki) na bei isizidi 25,000. Hapa wengi hawajui kitu kimoja kizuri: unaruhusiwa kutumia mapato ya mwaka uliochukua gari AU ya mwaka uliotangulia, yoyote yaliyo chini. Kwa hiyo kama 2025 ulipiga ovataimu mpaka ukavuka mstari lakini 2024 ulikuwa chini, umepona.

Sasa fomu. Ni Fomu 8936 na kiambatisho chake Schedule A, kila gari na Schedule A yake, unaambatanisha na 1040 (fomu kuu ya kodi ya mwaka). Na hapa ndo watu wanapoangukia kila siku: dila alikukatia ile hela hapo hapo kwenye bei, ukatoka na gari lako, basi unajua yamekwisha. Hayajaisha!! Hata kama krediti ulimwachia dila bado lazima ujaze 8936, maana hapo ndo IRS wanahakikisha mapato yako yalikuwa yanaruhusu, na kama ulizidi miaka yote miwili unairudisha ile hela kwenye riteni hiyo hiyo (fomu za kodi unazotuma). Ukienda kwa mtu wa kukufanyia taksi mwambie mwenyewe kuna gari la umeme, usipowaambia wengi wanapitisha tu W-2 zako (karatasi za mshahara kutoka kazini) na kukuaga.

Kuna tofauti nyingine. Uliyemwachia dila, haijalishi kodi yako ilikuwa kubwa au ndogo, krediti yote ni yako. Uliyeamua kudai mwenyewe unapata mpaka pale kodi yako inapofika sifuri tu, inayobaki imepotea, haihami kwenda mwaka ujao.

Chaja ya nyumbani ni habari tofauti na ina tarehe yake: lazima iwe imefungwa na inafanya kazi kufikia 30 Juni 2026. Unapata asilimia 30 ya gharama, mwisho dola 1,000. Tuseme chaja 550 na fundi umeme kachukua 900, jumla 1,450, wewe unadai 435. Ila nyumba iwe ndo makazi yako makuu na iwe kwenye eneo la sensa linalokubaliwa, yaani la kipato cha chini au lisilo la mjini, na usidhani kwa macho, mtaa mmoja unaweza kuwa ndani na wa pili nje. Ingiza anwani yako kwenye tovuti ya sensa, chukua ile namba ya eneo lako, GEOID, yenye tarakimu 11, ilinganishe na orodha ya IRS, kisha uiandike kwenye Fomu 8911. Wenye watoto wengi mpige hesabu kwanza, kama krediti za watoto zimeshamaliza kodi yote, hii ya chaja haina pa kukaa.

Na ribeti (hela unayorudishiwa) za jimbo au kampuni ya umeme zinaombwa kwao wenyewe, IRS haihusiki. Soma masharti KABLA hujanunua chaja, kuna wanaotaka iwe kwenye orodha yao na fundi awe na leseni. Tunza risiti, kibali cha fundi, piga na picha chaja ikiwa ukutani.

Uliyechelewa kununua, angalia riba ya mkopo: kuanzia mwaka wa kodi 2025 mpaka 2028 unaweza kupunguza mapato yako yanayotozwa kodi kwa riba ya gari mpaka dola 10,000 kwa mwaka, liwe la umeme au la mafuta, mradi ni jipya, la matumizi yako binafsi, limeunganishwa Marekani na mkopo ulianza 2025 au baadaye. Inaanza kupungua ukipita mapato ya 100,000, au 200,000 kwa wanandoa. VIN inayoanza na 1, 4 au 5 ni dalili nzuri ila hakikisha kwenye tovuti ya NHTSA (idara ya usalama barabarani ya Marekani), halafu VIN hiyo hiyo unaiandika kwenye riteni.

Na kama ulishafaili ukasahau 8936 au 8911, tuma 1040-X (fomu ya kurekebisha riteni), kwa kawaida una miaka 3 tangu ulipofaili.