SOMO: Kurudi kwenye safari ndefu ya baiskeli baada ya kupumzika muda mrefu (Mwanza na jirani)

Mwangaluka wadau. Kila masika yakiisha inbox yangu inajaa swali lilelile: "Mkuu, nimekaa miezi minne sijapanda, Jumamosi nataka kwenda Magu na kurudi, inawezekana?" Naandika hapa mara moja ili kila anayeuliza nimwelekeze huku. Magu kwenda na kurudi ni kama kilomita 120. Kwa mtu aliyetoka kupumzika, jibu ni hapana. Utaenda, lakini si Jumamosi hii.

Nasema na waliokuwa wanapiga safari ndefu, wakaacha kwa sababu ya mvua, kazi, ugonjwa au uzazi, na sasa wanarudi. Anayejifunza baiskeli leo ana somo lake.

1. Baiskeli kwanza. Breki, cheni, spoku, upepo wa tairi. Mpelekee fundi kama hujui. Tyubu iliyokaa miezi bila upepo ipimwe kwenye beseni la maji.

2. Siti. Kaa, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke. Usiponyooka, siti iko chini, na goti litalia kwa mbele.

3. Wiki mbili za mwanzo, safari fupi. Dakika 45 mpaka saa moja, mara tatu kwa wiki, mwendo wa kuweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Pasiansi mpaka uwanja wa ndege na kurudi inatosha kabisa. Msihesabu kilomita kipindi hiki, hesabuni muda.

Watu hudharau hatua hii kwa sababu pumzi hurudi haraka. Ukiacha mazoezi, ndani ya wiki chache maji ya damu hupungua na moyo hupiga haraka kwa kazi ileile. Ukirudi barabarani, sehemu hiyo hujirekebisha ndani ya wiki moja au mbili, nawe unajiona umepona. Kano za goti na kisigino, na ngozi ya makalio, haziendi kwa kasi hiyo. Kifua kinakwambia twende Misungwi wakati goti bado liko Mkuyuni. Lisikilize goti.

4. Safari ndefu ya kwanza: nusu ya uliyozoea, isizidi hapo. Uliyekuwa unapiga 100, piga 50. Kisha ongeza kidogo kila wiki, kama sehemu moja ya kumi, na kila wiki ya nne punguza.

5. Muda wa kutoka na njia. Mwanza jua linachomoza kuelekea saa moja kasoro. Ukishika njia ya Musoma alfajiri, kupitia Igoma na Kisesa, unaelekea mashariki, jua liko usoni kwako. Wengi wanafikiria macho yao tu. Dereva wa Hiace anayekuja nyuma yako naye jua liko usoni kwake, na kioo chake kina vumbi. Hakuoni. Kwa hiyo asubuhi na mapema mimi nashauri njia ya kusini: Nyegezi, Buhongwa, Usagara. Jua linakuwa kushoto. Kama lazima uende Kisesa, subiri lipande, saa mbili hivi, na taa nyekundu ya nyuma iwake hata mchana.

6. KUGEUZA. Hapa someni polepole, maana hapa ndipo watu wanarudi wamepakiwa kwenye fuso pamoja na baiskeli zao.

Wengi wanagawa safari katikati: masaa mawili na nusu kwenda, masaa mawili na nusu kurudi. Kwa mwili uliopumzika, hesabu hiyo ni ya uongo. Asubuhi una nguvu, kuna baridi, na upepo mara nyingi unatoka nchi kavu kuelekea ziwani, mwepesi. Kuanzia mchana nchi kavu imepata joto na upepo unageuka, unatoka ziwani. Ukiwa unarudi kutoka Magu au Nyanguge, unakupiga usoni na ubavu wa kulia, jua liko utosini, na miguu imeshachoka. Kilomita kumi zilizokuchukua nusu saa kwenda zinaweza kukuchukua karibu saa nzima kurudi.

Kanuni yangu: ukijipa masaa matano, geuza masaa mawili yakitimia, popote ulipo. Hata kama unaiona Usagara mbele yako. Hata kama wenzako wanaendelea. Weka kengele kwenye simu, kwa sababu dakika ile ya kugeuza ndiyo unayojisikia vizuri kuliko zote, na kichwa kitakupa sababu mia za kuongeza kidogo.

Tahadhari kwa wanaoelekea Sengerema. Zamani kivuko cha Kigongo kilikupumzisha utake usitake. Ulishuka, ukanywa chai, ukasubiri. Tangu Daraja la Magufuli lifunguliwe Juni 2025 watu wanafika Kigongo wakiwa na moto, wanaona daraja la kilomita 3 na maji pande zote, na wanasahau kabisa kwamba wana zaidi ya kilomita 30 za kurudi mjini. Safari ya kwanza geuzia Usagara. Daraja halihami.

Dalili za kugeuza kabla ya muda: goti linauma sehemu moja na maumivu yanaongezeka, umeacha kutoka jasho, unasikia baridi juani, au unashindwa kukumbuka umekula lini. Ukiona moja, shuka kivulini. Mbili, panda gari.

7. Kula na kunywa. Anza kula ndani ya nusu saa ya kwanza, kabla ya njaa. Gramu 30 mpaka 60 za wanga kwa saa zinatosha. Ndizi mbivu moja ya kawaida ina kama 25. Matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) ni mazuri kuliko biskuti yoyote: hayayeyuki, hayapondeki mfukoni, na unatafuna taratibu. Maji nusu lita mpaka robo tatu kwa saa. Maji matupu peke yake kwa masaa mengi ni hatari, chumvi ya mwilini inashuka. Beba pakiti ya ORS, au changanya nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

8. Ukirudi. Kula ndani ya saa moja, nyoosha miguu, lala. Kesho yake tembea.

Maswali karibuni, lakini someni kwanza.

---

Kijana wa Igoma: Mkuu nimekaa mwaka mzima. Nianze na kilomita ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 3. Inasema hesabu muda.

Kijana wa Igoma: Sawa ila kwa makadirio ni km ngapi?

Mwandishi: Dakika 45. Ukifika popote, ndipo.

Mama Nyegezi: Shukrani kaka. Mimi nina Phoenix ya kawaida, haina gea. Kupumua niko vizuri kabisa, ila kwenye vilima goti la kulia linavuta chini ya kifuniko. Siti nimeipandisha kama ulivyosema. Kwa nini moja tu?

Mwandishi: Dada, umeuliza vizuri. Goti moja mara nyingi ni mguu unaoanzia. Angalia ukisimama na kuondoka: unakanyaga na wa kulia kila mara? Kwenye baiskeli isiyo na gea, ule mkanyago wa kwanza ndio mzito kuliko yote. Badilisha, leo kulia, kesho kushoto. Pili, tazama kama pedali ya kulia imepinda. Baiskeli ikiangukia upande huo mkono wa pedali hupinda kidogo na mguu unakaa mshazari. Fundi atakuonyesha kwa kuizungusha. Tatu, kilimani shuka usukume kabla goti halijalalamika. Kano zikishashika, utapanda bila kushuka. Ukiona uvimbe, acha na umwone daktari.

Mama Nyegezi: Kweli, naanzia kulia siku zote! Nitarudisha majibu.

Mpanda Mlima: Haya mambo ya ORS na kengele ni ya kizungu. Wazee wetu walitoka Shinyanga na gunia la mpunga kwenye karia, wakafika Mwanza bila kulalamika.

Mwandishi: Walipanda kila siku ya maisha yao. Hawakukaa miezi minne kwenye kochi halafu wakatoka na gunia. Na walibeba michembe (viazi vitamu vikavu) na kibuyu cha maji, walipumzika chini ya kila mwembe. Hatua ya 7 ni walichokuwa wanafanya wao.

Mpanda Mlima: Nilikuwa nachangia tu.

Mwandishi: Karibu.

Mwanachuo Malimbe: Kaka, nilipata malaria, nimemaliza dozi jana. Jumamosi naweza kutoka na nyie?

Mwandishi: Hapana mdogo wangu, na naomba unisikilize. Kumaliza dozi ni vidonge kuisha, damu bado inajijenga. Homa ikiisha kaa angalau wiki moja ukitembea tu. Ukipanda ngazi za hosteli bila moyo kwenda mbio, anza hatua ya 3 tangu mwanzo. Ukipanda baiskeli na homa mwilini, homa yoyote, unauweka moyo hatarini. Tutakusubiri.

Fundi wa Buhongwa: Niongeze la pancha, msimu huu mbigili zimejaa kandokando ya lami. Unapofunga tairi, weka valvu ya tyubu sambamba na maandishi ya tairi. Ukipata tundu kwenye tyubu, unailaza juu ya tairi na unajua mwiba uko wapi. La sivyo unaziba kiraka, unapiga pampu, mwiba uleule unatoboa tena mita mia mbele.

Mwandishi: Hili nimelipenda, fundi. Na kuutafuta mwiba kwa ndani tumia kitambaa, si kidole. Kitambaa kitanasa.

Fundi wa Buhongwa: Naam. Soksi kuukuu inafaa.

Ziwa Ng'ambo: Mimi nikirudi naingia ziwani dakika kumi kupoza miguu. Inasaidia sana, mngeiweka kwenye hatua ya 8.

Mwandishi: Siiweki. Pwani zetu zina kichocho, na vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wa maji ya pembeni, palepale unaposimama. Dakika kumi zinatosha kuingia kwenye ngozi. Teka maji ya bomba, mwagia miguu kwa ndoo, faida ni ileile. Na kama umekuwa ukiingia muda mrefu, nenda kituo cha afya ukapime. Dawa ipo na inatibu.

Ziwa Ng'ambo: Sikujua kama inaingia hata bila kunywa maji. Nitapima wiki hii.

Kijana wa Igoma: Nimepiga dakika 45 leo. Nimefika karibu na Kisesa. Nimechoka ila niko sawa.

Mwandishi: Karibu na Kisesa kwa dakika 45, na kurudi je?

Kijana wa Igoma: Kurudi ilikuwa saa na robo.

Mwandishi: Basi leo umepanda masaa mawili. Kesho pumzika. Keshokutwa dakika 20 kwenda, geuza. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu tunatoka Buhongwa mpaka Usagara na kurudi, nitakaa nyuma na wanaoanza. Njoo na taa ya nyuma inayowaka.