Umeolewa Marekani: Jina Lipi Liende Kwenye Fomu?

Wifi yangu alipoiona kadi yangu mpya ya Social Security, ile ya hifadhi ya jamii ya Marekani, alicheka mpaka akakaa chini. "Yaani umeolewa na babu?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Mume wangu ana majina matatu kama sisi wote wa pwani: lake, la baba yake, la babu yake. Wamarekani huchukua la mwisho wakaliita la ukoo. Nilipojaza fomu haraka haraka, nikajikuta natembea na jina la mzee aliyezikwa Pangani kabla sijazaliwa, na la baba yangu likabaki nje. Ndiyo maana nikisikia mtu anaolewa huku, namwambia: kabla ya fomu ya kwanza, kaeni kitako mwelewane kuhusu jina.

Kwanza, hulazimishwi. Sheria ya Marekani haimtaki mke abadili jina, na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 haina sharti hilo pia. Kubaki binti Salim hakuifanyi ndoa yenu ionekane ya uongo mbele ya uhamiaji. Kwa Waislamu wengi wa pwani suala hili halina hata mjadala, nasaba ni ya baba. Mimi ningeulizwa leo, ningesema baki na jina lako, labda uwe na sababu nzito. Utaokoa nauli na siku za kuomba ruhusa kazini.

Kama umeazimia kubadili, azimia kabla ya harusi. California na New York, kwa mfano, jina jipya huandikwa kwenye maombi ya leseni ya ndoa, wakati bado hamjafunga. Ukilisahau hapo, California haitakuruhusu kurudi baadaye na kuliingiza kwenye cheti. Itabidi uende mahakamani. Na tukiwa kwenye leseni: nikahi ya msikitini au misa ya kanisani bila leseni ya serikali itakuacha huna cheti cha kupeleka ofisini. Karatasi ya shehe itunze, lakini anza na leseni.

Cheti kikitoka, omba nakala tatu au nne zilizothibitishwa. Social Security na ofisi za leseni ya udereva hazipokei fotokopi. Mimi nilipanda mabasi mawili kwenda kufuata leseni ya udereva na fotokopi yangu ya rangi, safi kabisa. Dada wa dirishani akapitisha kidole gumba juu ya muhuri, akaona karatasi ni laini, hakuna kilichochomoza, akanisukumia chini ya kioo bila neno. Nikarudi na mabasi yale yale mawili.

Kwenye fomu za uhamiaji, yaani I-130 ambayo mume raia anakuombea wewe na I-485 yako ya kuomba ukaazi, andika jina unalotaka litoke kwenye grinikadi, kadi ya ukaazi wa kudumu, na uambatishe cheti cha ndoa. Halafu kuna sehemu ya majina mengine uliyowahi kutumia. Hapo mwaga yote: la kuzaliwa, la ndoa ya kwanza kama ilikuwapo, hata Hamisi wa cheti cha shule aliyegeuka Khamis kwenye pasipoti. Ukikaa kimya, tofauti ya herufi moja inaweza kukuletea barua ya kudaiwa maelezo, na faili likalala miezi. Kama herufi zinapishana sana, mwombe ndugu nyumbani akale kiapo cha majina mbele ya wakili akutumie. Cheti kilichoandikwa kwa Kiswahili lazima kiende na tafsiri kamili ya Kiingereza, pamoja na tamko lililosainiwa na mtafsiri kwamba anazimudu lugha zote mbili. Si lazima awe na leseni, ila mume asitafsiri. Na ukihamia kwake, toa taarifa ya anwani mpya uhamiaji ndani ya siku 10. Wengi hulisahau hili.

Kama grinikadi unayo tayari, jina hubadilishwa kwa fomu I-90, na ada yake ni mamia ya dola. Baada ya hapo nenda Social Security na fomu SS-5 ya kuomba kadi mpya, hiyo ni bure. Subiri siku moja au mbili taarifa ziingie kwenye mfumo, ndipo ufuate leseni ya udereva, kisha mwajiri na benki. Ukianza na benki kama nilivyofanya mimi, mshahara unakuja na jina moja na akaunti ina jingine. Fomu ya kodi nayo lazima ifanane na jina lililoko Social Security, la sivyo marejesho yako ya kodi yanaweza kuchelewa.

Pasipoti ya nyumbani inahitaji hesabu ya peke yake. Mkenya ana ruhusa ya uraia pacha tangu katiba ya 2010, kwa hiyo pasipoti yake ataendelea kuitumia na inafaa aisahihishe. Mtanzania akichukua uraia wa Marekani anapoteza wa kwao, na mke wa raia anayeishi na mumewe anaweza kuomba baada ya miaka mitatu ya grinikadi. Kwa muda mfupi hivyo, mimi nisingehangaika. Isitoshe, fomu ya uraia, N-400, inakuruhusu kuomba jina jipya, na kiapo kikiendeshwa na mahakama, jaji analipitisha siku hiyo hiyo. Kwa wakati huo tiketi ya ndege ikatwe kwa jina lililoko kwenye pasipoti, na nakala ya cheti cha ndoa ikae kwenye mkoba wa mkononi, isiwe ndani ya sanduku lililopakiwa.

Mtoto akizaliwa, mjadala unaanza upya. Wetu tulimwandika kwa mtindo wa nyumbani: jina lake, la baba yake, la babu yake. Kwa hiyo la mwisho lake silo langu wala silo la baba yake. Tulipokuwa tunasafiri mimi naye tu, afisa aliziangalia pasipoti zetu mara mbili akaniuliza Ali ni nani. Nikamtolea cheti cha kuzaliwa na barua ya baba mtu iliyosainiwa mbele ya mthibitishaji wa nyaraka. Akasoma, akamwangalia mtoto, akagonga muhuri.