Kamera kwanza, jukwaa baadaye

Mkiwa mnatengeneza gemu ya soka kama mradi wa chuo, msianze kuunda viti vya jukwaani. Wekeni kiwanja kitupu cha mita 105 kwa 68, simamisheni kamera pale itakapokaa wakati wa mchezo, kisha tazameni. Sehemu kubwa ya jukwaa haionekani kabisa! Mashabiki wa mbali hawahitaji miili: picha bapa iliyoondolewa usuli inatosha, irudiwe kwa rangi tofauti na kuyumbishwa kidogo. Poligoni (vipande bapa vinavyounda umbo la 3D) za mgongoni mwa jukwaa futeni, ila kama kuna marudio ya goli, kagueni kwanza kamera ya marudio inapita wapi. Muda uliobaki upelekeni kwenye nyavu. Hapo macho yote hutua.