Namna ya Kulinda Vimeng'enya vya Udongo Shambani

Vimeng'enya vya udongo ni protini zinazotengenezwa na bakteria, kuvu na mizizi, nazo ndizo zinazofungua virutubisho vilivyoshikwa ndani ya mabaki ya mimea na wanyama. Fosfatasi huachilia fosforasi kutoka kwenye mboji, ureasi huvunja urea ikawa amonia na kaboni dayoksaidi, na beta-glukosidasi hukamilisha uvunjaji wa selulosi, yaani dutu inayojenga nyuzi za mimea, hadi ikapatikana sukari ya glukosi.

Anza kwa kupunguza kulima. Kila udongo unapopinduliwa, nyuzi za kuvu hukatika na mboji huisha upesi, hivyo vijiumbe hukosa chakula. Shamba lisilolimwa huonyesha nafuu kwanza katika sentimita 5 hadi 10 za juu. Ukichimba sampuli ya sentimita 30 na kuichanganya yote, nafuu hiyo itafichika. Yaache masalia ya mazao juu ya ardhi, ongeza samadi iliyooza, na upishanishe nafaka na mikunde.

Mbolea za viwandani zinahitaji uangalifu zaidi. Fosforasi inapokuwa nyingi, mimea na vijiumbe hupunguza utengenezaji wa fosfatasi, kwa kuwa hawana haja nayo. Kupungua huko peke yake si dalili ya udongo mbovu. Urea ndiyo yenye hasara ya wazi, kwa sababu masalia yaliyotanda juu yana ureasi nyingi, na urea iliyomwagwa juu yake hugeuka amonia ikapotelea hewani. Ifukie sentimita chache, au iweke mvua inapokaribia. Mbolea za amonia huongeza pia tindikali, kwa hiyo pima pH kabla ya kuamua kuweka chokaa.

Ili kulinganisha mashamba mawili bila maabara, fukia siku moja vipande sawa vya kitambaa cha pamba tupu, kina kilekile, kisha uvifukue baada ya wiki 6 hadi 8. Kilichooza zaidi kinaashiria uvunjaji mkubwa wa selulosi, ingawa hakisemi lolote kuhusu fosfatasi. Nyuzi za mshono zikibaki, usishangae, kwani mara nyingi ni za poliesta. Ukipeleka sampuli maabara, zichukue msimu uleule kila mwaka na uziweke mahali pa baridi, maana joto na ukavu hubadilisha vipimo.