Usiruke ukurasa wa Kichina kwenye mgahawa wa Kihindi

Kwa mlio Arusha, Moshi au Mwanza: migahawa mingi ya Kihindi huwa na ukurasa wa vyakula vya Kichina, na watu huuruka wakidhani ni wa kujazia menyu tu. Wanakosa uhondo. Mapishi hayo asili yake ni Wachina wa Kolkata, India, waliochanganya sosi ya soya na pilipili mbichi, tangawizi na vitunguu saumu kwa mkono wa Kihindi. Jaribu kuku wa Manchurian (vipande vya kuku vilivyokaangwa na kuchanganywa na sosi hiyo), au paneer (jibini laini ya Kihindi) ya pilipili kama huli nyama.

Mwambie mhudumu mapema: unataka kavu au ya rojo? Kavu ni ya kudonoa na soda baridi. Ya rojo ndiyo inayoendana na wali wa kukaanga au tambi. Usipotaja, unaweza kuletewa kavu na wali ukakukwama kooni. Sahani moja mara nyingi inatosha watu wawili, anzeni na hiyo. Na ile kavu msifungashe (mvuke huilainisha yote hata kabla hamjafika nyumbani), imalizieni hapohapo. Chumvi msiongeze kabla ya kuonja, soya ina ya kwake.