Insha ya upweke katika Frankenstein: uliza nani kafunga mlango

Nikisahihisha insha za riwaya hii ya Mary Shelley, sentensi ya kwanza naijua kabla sijafungua daftari: "Upweke ni dhamira kuu." Haya, tumesikia. Mtahini anataka kujua nani kamfungia nani mlango.

Kwa hiyo chukua karatasi, piga mstari katikati. Upande mmoja waandike waliojitenga wenyewe, upande wa pili waliotengwa. Victor Frankenstein, mwanafunzi wa sayansi, anaingia upande wa kwanza: yuko chuoni Ingolstadt, Ujerumani, kajifungia karibu miaka miwili akiunga viungo vya maiti, na barua za nyumbani hajibu. Robert Walton, nahodha anayesaka Ncha ya Kaskazini, naye kamwacha dada yake Uingereza kwa hiari yake, halafu anamwandikia kutoka Archangel, bandari ya Urusi, kulalamika kwamba hana rafiki. (Mimi huyu huwa simwonei huruma sana.) Upande wa pili yupo Kiumbe, yule Victor aliyemuunda kwa viungo hivyo na kumkimbia, ambaye hata jina hakupewa.

Sasa chagua tukio moja ulikamue, usirukeruke riwaya nzima. Mimi siachi kile kibanda kilichoegemea nyumba ya De Lacey, mzee kipofu anayeishi na wanawe. Kiumbe amejibanza humo, anawachungulia wenye nyumba kupitia ufa mwembamba. Usiku anawatafutia kuni. Asubuhi wanazikuta nje, wasijue za nani. Felix, mwana wa mzee, akimfundisha lugha mpenzi wake mgeni, Safie, Kiumbe naye anajifunza kwa kusikiliza. Anawajua wote kwa majina, wao hata hawajui kama yupo.

Tazama basi anavyopanga kujitokeza: anangoja vijana watoke, anabisha hodi kwa mzee kipofu. Mzee anamkaribisha na kumsikiliza vizuri tu. Kisha Felix anarudi, anamkuta kamng'ang'ania mzee magotini, anamtandika kwa fimbo. Hoja yako ndiyo hiyo: anayempokea ni yule asiyemwona. Kisha nenda mpaka mwisho, Walton anapomkuta Kiumbe melini karibu na maiti ya Victor. Anafumba macho bila kukusudia, halafu anamwita abaki. Wengi hulipita tukio hili, na ndilo linaloibeba hoja.

Aya inayofuata iwe ya kisasi. Kiumbe aliomba mwenza. Victor alianza kumtengeneza huko Orkney, visiwa vya Uskoti, kisha akamchanachana mbele ya macho ya Kiumbe. Baada ya hapo Clerval, rafiki wa Victor, anauawa, mkewe Elizabeth anauawa usiku wa harusi, baba yake anakufa kwa majonzi. Usiishie kusema Kiumbe ni katili. Onyesha kwamba anamfanya Victor awe kama yeye, mpaka wanapofukuzana barafuni hakuna aliye na mtu mwingine karibu zaidi ya adui yake.

Maisha ya mwandishi yaguse kwa sentensi moja. Ndiyo, mama yake alifariki siku chache baada ya kumzaa mwaka 1797, lakini hilo halijibu swali. Afadhali useme kwamba riwaya nzima imo ndani ya barua za Walton kwa dada yake Margaret, na hatusomi jibu lake hata moja.

Ukinukuu, taja toleo. La 1818 lina juzuu tatu na sura zinaanza upya katika kila juzuu. La 1831 linahesabu moja kwa moja hadi sura ya 24. Tukio la mzee kipofu liko juzuu ya pili, sura ya 7, katika toleo la 1818, na sura ya 15 katika lile la 1831. Ukiyachanganya, mtahini atafungua asikute ulichonukuu.